Amplifaya Iliyotatarika Urambo Tu

Mara ya kwanza alipoingia barazani kwetu Mtendeni, mjini Tabora, sikuuona uso wake. Niliona sanduku jeusi lenye miguu ya binadamu. Lilipanda ngazi mbili, likasita, likageuka upande ili lipite kati ya nguzo na meza yangu ya kazi, kisha likasema, "Hodi. Fundi nimemkuta?"

"Fundi ni mimi," nikajibu.

Sanduku likayumba kidogo. Mshangao huo nilikuwa nimeuzoea. Watu wengi wanaoelekezwa kwa fundi redio wa Mtendeni hutarajia kumkuta mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hatimaye sanduku likateremka taratibu mpaka sakafuni, na nyuma yake akatokea mwanaume mrefu, shati limelowa jasho, akanipa mkono huku akihema.

"Afadhali," akasema. "Wanaume watatu imeshawashinda."

Nilikuwa na miaka thelathini na sita wakati huo. Ufundi nilifundishwa na marehemu baba, aliyekuwa fundi wa reli na ambaye Jumapili mchana, baada ya misa, alitengeneza redio za jirani kwa ajili ya kujifurahisha tu. Mimi nilikuwa natengeneza sabufa, televisheni, na taa za sola za watu wa vijijini. Kazi nzuri, lakini ukishafungua sabufa mia moja, ya mia moja na moja haikushangazi. Kwa hiyo nilipolichomeka lile sanduku kwenye umeme, nikalizungusha na kuchungulia mgongoni mwake, nikaona valvu, zile taa za kioo zilizokuwa zikifanya kazi ndani ya redio za zamani kabla ya transista, tena zikiwa nzima na zinawaka rangi ya chungwa, nilipiga kelele. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani nimepigwa shoti.

"Kuna nini?"

"Mama, njoo uone! Valvu!"

Mama akachungulia, akaona vichupa vinne vinawaka. Akamtazama mgeni, akamtazama na kumtazama tena.

"Shikamoo mama," mgeni akasema.

"Marahaba mwanangu. Umetoka wapi na mzigo huo?"

"Urambo, mama. Kutoka stendi nimeubeba begani."

"Huyu Mnyamwezi kweli," mama akaniambia, kana kwamba mwenyewe hasikii. "Wa zamani wale, wa kubeba mpaka pwani."

Amplifaya ilikuwa ya gitaa, mali ya kwaya ya Moravian ya huko kwao. Mmisionari mmoja aliiacha stoo alipokuwa anarudi Ulaya, ikakaa miaka mingi ikifunikwa na mabango ya sikukuu, mpaka huyu bwana, ambaye ndiye mpiga gitaa la kwaya, alipoitoa. Kazi yake ya riziki ilikuwa kupanga majani ya tumbaku kwa madaraja kwenye kituo cha ununuzi. Alinukia tumbaku kavu, harufu tamu inayokaribia ya asali, na naomba nikiri mapema kwamba niliipenda harufu ile kabla sijampenda mwenyewe.

"Tatizo lake?" nikauliza, nimekwishachukua daftari.

"Inatatarika. Lakini si wakati wote. Mnaimba vizuri tu, halafu katikati ya wimbo inaanza kraa-ta-ta, kama mtu anakaanga vitunguu humo ndani. Unaipiga kofi, inaacha. Inaanza tena. Mwalimu wa kwaya anasema tuiombee."

Nikamwambia apige. Akatoa gitaa, akakaa juu ya kiti cha mama cha kukunia nazi, magoti yakamfika kidevuni, akapiga. Sauti ilikuwa nene na ya joto, kila noti ina mwili. Watu wawili waliokuwa wanapita barabarani wakasimama. Alipiga nusu saa nzima. Haikutatarika hata kidogo.

"Leo imeona aibu," akasema, naye ameona aibu zaidi.

Nikaibakiza wiki nzima. Niliitoa mashine yenyewe ndani ya sanduku, nikailaza ubavu mezani kama tunavyofanya mafundi ili waya na valvu vyote vifikike, nikasafisha miguu ya valvu kwa spiriti, nikasafisha vitufe vya sauti, nikabadilisha tundu la kuchomeka gitaa. Niliiwasha kila siku, ikaunguruma kwa upole kama paka aliyeshiba. Akaja, akaichukua, akashukuru sana. Baada ya siku nne simu ikaita.

"Fundi, imeanza."

"Imeanza lini?"

"Jana. Wimbo wa saba."

Akairudisha. Akapiga gitaa barazani, kimya. Nikaiweka siku kumi, kimya. Nikabadilisha valvu ndogo kwa zile za redio ya marehemu baba, kimya. Akaichukua. Wiki mbili baadaye, kabla hata hajapiga simu, nikaona sanduku jeusi linakuja tena barabarani kwa miguu ya binadamu, na safari hii lilikuwa limevaa viatu vilivyopigwa rangi.

Siku hiyo alipoondoka, mama aliketi karibu yangu na sahani ya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akatafuna kwanza kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "yule amplifaya yake ni nzima."

"Mama!"

"Nimesikiliza kwa masikio yangu mara tatu. Haina kitu. Mwenye ugonjwa ni yeye."

Nilimwambia aache maneno ya ajabu, nikachukua chuma cha kulehemu kwa upande usio wake. Kovu bado ninalo kwenye kidole gumba.

Kuanzia hapo nilikuwa mtu wa hovyo. Jumanne moja nilijikuta nimevaa kitenge cha Krismasi na kupaka wanja kwa ajili ya kutengeneza pasi ya jirani. Kichwani mwangu kulikuwa na mambo mawili yanayogombana. Ama mimi ni fundi mbovu, kuna hitilafu humo ndani na siioni. Ama mimi ni fundi mzuri na mwanaume wa watu anasafiri saa mbili kwa basi na mzigo wa kilo kama thelathini ili akae kwenye mbuzi ya nazi aniangalie. Nikijiuliza kwa heshima ya ufundi ninataka lipi kati ya hayo, sikupata jibu la heshima.

Alipokuja kuichukua nilimzuia mlangoni.

"Kaka, niambie ukweli. Inatatarika, au haitatariki?"

Alishtuka kabisa. "Fundi! Mimi ni mtu wa kanisa!"

"Ndiyo maana nakuuliza."

"Inatatarika. Kama huniamini njoo. Jumamosi tuna mazoezi, saa nane mchana, ukumbi wa kanisa. Njoo uisikie mwenyewe."

"Nitakuja," nikasema haraka mno.

"Tutakuja," mama akasema kutoka jikoni.

Jumamosi tukapanda basi la asubuhi, mimi na mfuko wa vyombo, mama na mfuko wa matobolwa. Njia nzima alikuwa akinisahihisha nguo. Tulipopita mashamba ya tumbaku na mabani ya kukaushia, alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba mahali penyewe si pabaya. Nikamwomba anyamaze walau mpaka tufike. Alinyamaza kilomita mbili.

Ukumbini tulikuta kwaya nzima, watu kama ishirini na watano, na mwalimu wao, mama mnene mwenye kalamu nywelani. Nyuma ya ukumbi akina mama wawili walikuwa wanapika chai na maandazi kwenye jiko la mkaa. Tukasalimiana na wote, "mwadila, mwadila," mpaka mkono ukachoka. Amplifaya ilikuwa pembeni ya jukwaa, imevikwa kitambaa cha mezani. Yeye alinitolea tabasamu, kisha akaona mama yangu anatazama, akaanza kukaza nyuzi za gitaa zilizokuwa tayari zimekaa sawa.

Wimbo wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tatu niliusikiliza kwa macho yaliyofumbwa, nimeelekeza sikio kwenye spika. Safi. Mama akanichoma kiwiko ubavuni.

"Haitatariki," akanong'ona.

Wa nne, wa tano. Kila wimbo ukiisha, yeye huko jukwaani alizidi kunyong'onyea, na mimi huku kwenye benchi nilizidi kupata joto usoni. Kufikia wa sita nilikuwa nimekwishaamini maneno ya mama. Nilikuwa nikifikiria nitajibu nini, na nani atawaambia shangazi zangu, Wakatoliki wale, kwamba ni Mmoraviani.

Katikati ya wimbo wa saba, kwenye kiitikio, spika ikafanya kraaa-ta-ta-ta-kraa.

Nikaruka. Siongezi chumvi, niliruka kutoka kwenye benchi na mikono yote juu. "Inatatarika!" nilipiga kelele. "Jamani, inatatarika!"

Kwaya ikakatika. Sauti ya tatu iliendelea maneno mawili peke yake halafu nayo ikaacha. Yeye aliliweka gitaa chini na kuruka kutoka jukwaani, "Nilisema! Si nilisema!" na tukashikana mikono, tukarukaruka kama watoto waliofaulu mtihani, mbele ya mwalimu wa kwaya na wazee wawili wa kanisa, mpaka sote wawili tukagundua kwa pamoja tunachofanya. Tukaachiana. Nyuma yetu amplifaya iliendelea kukaanga vitunguu.

Furaha ile ilidumu kama dakika moja, ndipo akili ikanifikia. Kumbe amplifaya ni mbovu kweli. Kumbe alikuwa analeta amplifaya tu. Nilitazama upande wa mama. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyedhulumiwa.

Basi nikashika kazi. Hilo angalau nilikuwa nalo.

Nikachomoa gitaa: bado inatatarika. Nikateremsha sauti mpaka mwisho: bado. Hapo nikajua tatizo liko mbele ya kitufe cha sauti, upande wa kuelekea kwenye spika, na si huku gitaa linakoingilia nilikopoteza wiki nzima. Nikaomba penseli kutoka kwenye nywele za mwalimu. Akatoa kalamu, akazipapasa tena nywele zake, akatoa na penseli. Ilipotulia kidogo, nikagonga valvu moja moja kwa upande wa kifutio. Ndogo ya kwanza, kimya. Ndogo ya pili, kimya. Kubwa ya kushoto, kimya. Kubwa ya kulia, KRAAA. Ukumbi mzima ukasema "Eeee!"

"Valvu imekufa?" akaniuliza. Alikuwa amechuchumaa karibu yangu na ile harufu ya tumbaku.

"Subiri." Nikazima, nikaziacha zipoe, nikazibadilisha nafasi zile kubwa mbili, ya kulia nikaiweka kushoto. Nikawasha, tukangoja ipate moto. Nikagonga. Bado upande wa kulia. "Valvu haina kosa," nikasema. "Ni mahali inapokaa."

Nikazima tena, nikatoa mashine ndani ya sanduku, nikailaza ubavu juu ya benchi, nikawasha. Tukangoja. Nikagonga.

Kimya.

Hapo ndipo nilipoanza kucheka. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, na yeye akacheka kwa sababu mimi nacheka, bila kujua tunachekea nini.

"Mwezi na nusu," nikamwambia nilipopata pumzi. "Mwezi na nusu nimekuwa nikiilaza ubavu. Ndani ya sanduku lake valvu zinaning'inia, vichwa chini, kama popo. Ikishapata moto wa nyimbo sita na hiyo kubwa ikaning'inia kwa uzito wake, kuna mguu mmoja unaachia. Nikiilaza ubavu, unashika. Barazani kwangu unapiga nusu saa, haijapata moto wa kutosha. Mimi nimekuwa nikiitibu ikiwa imelala kitandani, yenyewe inaugua ikisimama!"

Tukasogeza mabenchi mawili, tukaacha nafasi katikati, nikailaza mashine juu yake ili valvu zining'inie kwenye ile nafasi na waya zote zinitazame mimi. Nikawasha. Wapishi wakaacha maandazi wakaja kuona. Niliomba kijiti cha mshikaki, maana mti mkavu haupitishi umeme, nikaweka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo kama baba alivyonifundisha, ili umeme ukikushika usipitie kifuani, na kwa mkono wa kulia nikaanza kusukuma miguu ya soketi ile, mmoja mmoja. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, kraa! Nikasukuma, ikanyamaza. Nikaachia, kraa! Nikainama na tochi, nikauona: ufa mwembamba kama unywele umezunguka lehemu pale mguu unapotokea. Ukiuangalia kwa haraka unadhani ni kivuli.

"Nimekuona," nikauambia ule ufa, kwa sauti.

Na umeme ukakatika.

Kwaya yote ikaguna. Mwalimu akasema hapo hautarudi mpaka jioni. Basi letu la kurudi Tabora lilikuwa saa kumi na moja, na chuma changu cha kulehemu kilikuwa cha umeme. Lakini ndani ya mfuko nilikuwa nimebeba, kwa mapenzi tu, chuma cha marehemu baba, kile kizito chenye kichwa cha shaba alichotumia kuzibia ndoo na karai kabla sijazaliwa.

"Akina mama," nikasema, "naomba jiko."

Kwanza nilitoa umeme uliobaki ndani ya mashine kwa waya wangu maalumu, kwa sababu mashine hizi huhifadhi umeme wa kuua mtu hata kama umeme wa mtaani haupo. Kisha nikakichoma kichwa cha shaba katikati ya makaa, pembeni ya karai la maandazi. Mama alikuwa ameshika kipepeo cha kuchochea moto. Sijui alikichukua saa ngapi, lakini alipepea kama anayepikia harusi. Chuma kikaiva. Mpiga gitaa alinishikia tochi kwa mkono mmoja na kwa mwingine akashika waya wa risasi laini ya kulehemia. Nikagusa mguu, lehemu ya zamani ikayeyuka, nikaongeza mpya, ikakaa ikang'aa kama tone la maji. Nikavuta chuma nyuma. Kwaya nzima ikainama kuangalia. Halafu mzee mmoja wa kanisa akasema "Amina," na ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

Umeme ulirudi saa tisa na nusu, kinyume na utabiri wa mwalimu. Tukairudisha mashine ndani ya sanduku lake, valvu zikaning'inia tena vichwa chini. Wakaimba nyimbo zao zote saba, wakaongeza nne. Niligonga valvu kwa penseli kila baada ya wimbo, kimya. Kwenye wimbo wa kumi yeye akapiga kipande cha solo ambacho nadhani hakikuwa cha kanisa hata kidogo, na mwalimu, badala ya kumkemea, akazungusha mabega. Mama alikuwa katikati ya ukumbi anacheza na andazi mkononi. Nami nikaenda kucheza naye. Nilicheza kwa furaha ya kazi iliyoisha na huku roho inauma kidogo, maana kazi imeisha.

Alitusindikiza stendi. Mama akatangulia kwenda kushika viti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Tukabaki sisi wawili karibu na mlango wa basi.

"Iangalie wiki mbili," nikamwambia kwa sauti ya kazi. "Halafu uilete niikague."

"Unataka kukagua nini, fundi? Si imepona?"

Nikafungua mdomo. Kondakta akapiga ubavu wa basi. "Sijui," nikasema. "Nitaona hapo hapo."

Akaanza kutabasamu, taratibu, kutoka upande mmoja wa uso mpaka wa pili, na mimi nikapanda basi nikiwa nimekosea ngazi ya kwanza.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumamosi asubuhi, alikuja. Nilimwona tangu mwisho wa barabara, na nilimwona uso, kwa sababu hakubeba sanduku. Alikuwa na chupa kubwa ya asali tu. Akapanda ngazi mbili, akasimama.

"Amplifaya iko wapi?" nikauliza.

"Nimeiacha. Nzito."

Mama akatokea mlangoni. "Sasa leo umekuja kutengeneza nini?"

Akaweka asali mezani, akajifuta mikono kwenye suruali. "Mama, nina jambo la kuungama. Ile mara ya tatu, ilikuwa haijaanza kutatarika. Niliileta mapema."

Mama alipiga kigelegele kilichowatoa majirani wa nyumba tatu. Mimi niliinama kutafuta bisibisi chini ya meza. Bisibisi ilikuwa mkononi mwangu. Nilikaa huko chini muda mrefu, nacheka nikiwa nimeuma kitenge, mpaka akachuchumaa upande wa pili wa meza na kuniuliza kama nahitaji tochi.

Wazee wa pande zote mbili walikutana mara nne kuhusu kanisa. Shangazi zangu walisema yao, mjomba wake mmoja akasema yake, mama akawajibu wote. Mwaka uliofuata tulifunga ndoa hapa Tabora, na kwaya yake ilikuja na lori, wamesimama nyuma wakiimba tangu wanatoka Urambo. Ukumbini bwana harusi alitakiwa akae meza ya mbele pamoja nami, amevaa suti, ametulia. Alitulia mpaka pilau lilipopakuliwa. Halafu aliniangalia, nikamwambia nenda, akavua koti akaenda kuchukua gitaa. Nilikula pilau la watu wawili, nikapiga makofi kwa mikono yenye mafuta.